Miliampia Thelathini na Sita

Nanyama aliamua kumwacha mumewe siku ya Jumatatu, lakini kwa kuwa alikuwa na amplifaya ya watu mezani, akasogeza jambo hilo mpaka Jumamosi. Ndivyo alivyo. Hawezi kufunga duka huku kazi ya mtu imelala wazi, waya nje nje, halafu yeye aende zake Sirisia kuanza maisha mapya. Kwanza kazi, ndoa baadaye.

Sababu ya kuondoka haikuwa pombe, wala mwanamke wa kando, wala kipigo. Akina mama wa kanisa lao pale Saboti walipomwita wamuulize, walikaa wakasogeza viti karibu, wakajiandaa kusikia makubwa. Nanyama akawaambia, "Haongei." Wakangoja aendelee. Hakuwa na cha kuendelea nacho. Kipngetich, mume wake wa miaka thelathini na mitatu, alikuwa ameacha kuongea naye. Tangu zamani alikuwa mtu wa sauti ya chini, mtu anayeomba chumvi utadhani anatoboa siri ya serikali, lakini angalau alikuwa anaiomba. Miaka miwili sasa, hata hiyo hakuna. Ukimsalimia anainamisha kofia. Ukimuuliza kama mahindi yamewekwa mbolea, anageuka anaenda kwa ng'ombe. Mtu unaweza kuvumilia mengi, lakini kuishi na ukuta wenye kofia, aka!

Mzee wa kanisa alimhoji Kipngetich peke yake nyuma ya zizi. Kipngetich akajibu, "Mimi naongea. Ni yeye hanijibu." Mzee akarudi akatikisa kichwa, akasema huyo mwanaume ana kiburi, tena ana uongo, jambo ambalo hakulitarajia kwa mtu anayetoa maziwa kwa watoto wa shule ya Jumapili.

Basi Jumatatu jioni Nanyama alimfuata akikamua, akasimama nyuma yake, akasema wazi: "Baba Sandra, nimechoka. Jairus anakuja na pikapu Jumamosi. Narudi nyumbani." Jairus ni kaka yake wa Sirisia, na pikapu ilikuwa ya kuazima. Kipngetich hakugeuka. Aliendelea kukamua, kichwa amekiegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe kama kawaida yake. Nanyama alisimama pale mpaka ndoo ikajaa, akingoja hata neno moja, hata la matusi. Hakusikia kitu. Akaona hilo ndilo jibu, akaenda kukunja nguo. Aliumia, na hakuficha kwamba ameumia: alikunja nguo huku akizipiga.

Tuseme kidogo kuhusu kazi yake, maana bila kazi huwezi kumwelewa. Msichana wa Sirisia, alipelekwa chuo cha ufundi Bungoma kushona. Darasa la kushona lilikuwa limejaa, cherehani nne kwa wasichana thelathini, na darasa la redio la jirani lilikuwa na wavulana sita na stuli kumi na mbili. Nanyama akaenda kukaa. Mwalimu akadhani amekuja kuuliza saa. Wiki ya tatu bado yuko, mwalimu akamwandika. Hakuna zaidi ya hapo. Wapo watu wanaotaka asimulie alivyopigania nafasi ya wanawake, naye huwajibu kwamba alipigania stuli.

Sasa ana duka Kitale, nyuma ya soko, upana wake mlango mmoja na nusu. Anatengeneza redio, spika, na zaidi ya yote amplifaya. Na ana njia yake ya kuzipima ambayo hakufundishwa na mtu. Wengine hupima kwa muziki. Nanyama husema muziki unadanganya, unapanda unashuka, na mtu akiupenda wimbo anasikia hata kisichokuwepo. Yeye hupima kwa matangazo ya vifo. Kila siku saa saba mchana redio husoma majina ya marehemu, kijiji, wajomba, mashemeji, siku ya mazishi. Msomaji wa vifo hana furaha wala haraka. Sauti yake ni moja kutoka Januari mpaka Desemba. Nanyama aliunganisha kila amplifaya kwenye hayo matangazo, akaweka sikio kwenye kitambaa cha spika, akasikiliza. Miaka thelathini na mitano ya sikio kwenye spika. Voliumu ikiwa kwenye nne, marehemu alitosha duka lote mpaka kwa Edinah, fundi wa nguo wa mlango wa pili. Hicho ndicho kilikuwa kipimo: kwenye nne, Edinah asikie.

Miaka miwili iliyopita, amplifaya zote za Trans-Nzoia zilidhoofika kwa pamoja. Kwenye nne, marehemu alinong'ona. Ikabidi saba. Nanyama hakuona ajabu yoyote, kwa sababu vitu vyote vya siku hizi ni vibaya. Alilaumu stima, akalaumu kapasita mpya, akalaumu vumbi. Kisha akafanya kazi yake: kila iliyoletwa aliipandisha nguvu mpaka nne yake ikawa nne tena. Na hakuna aliyelalamika hata mmoja. Makanisa ya pale yanashindana kwa kelele, hilo linajulikana, na mchungaji ambaye spika zake zinazima za jirani hamuulizi fundi maswali. Jina lake lilienea. Watu walitoka mpaka Kapenguria kuleta vyombo, wakisema kwa Mama Sandra ukipeleka paka anarudi simba.

Mteja mmoja tu ndiye hakutaka simba. Huyo ni Hillary Wakhungu, mwalimu mstaafu wa Naitiri, mpiga litungu. Litungu ni kitu cha nyuzi saba, sauti yake ni ya upole, na Mwalimu alikuwa na amplifaya ya zamani ya valvu aliyoipata kilabu kimoja cha Kitale kilipofungwa. Amplifaya za transista, alisema, zinaifanya litungu isikike kama sufuria. Hii ya valvu iliiacha litungu ibaki litungu. Mwezi uliopita aliileta kwa sababu ya mvumo. Nanyama aliondoa mvumo, halafu, akiwa hapo hapo, akaona sauti nayo imedhoofika, akaipandisha. Wiki mbili baadaye ile amplifaya ikawaka nyekundu ndani, ikanuka, ikanyamaza, Mwalimu akiwa katikati ya wimbo mbele ya watu mia mbili wa Bungoma. Valvu zote mbili kubwa zilikuwa zimekwisha, na ndiyo amplifaya iliyokuwa mezani siku ile ya Jumatatu.

Nanyama alikuwa na jozi moja ya mwisho ya valvu za namna hiyo, ameihifadhi miaka ishirini kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, imefungwa soksi ya utotoni ya binti yake Sandra. Baada ya hiyo jozi hakuna nyingine, si Kitale, si Bungoma, labda kwa wazungu. Ijumaa saa tano Mwalimu alifika kuichukua amplifaya. Jumamosi alikuwa na harusi. Lakini safari hii hakuaga aende kunywa chai. Alivuta stuli akakaa, miguu amefunga, kama msimamizi wa mtihani.

"Mama Sandra, usikasirike," alisema. Mwalimu ana sauti ya darasani, kila neno linafika ukutani. "Leo nataka kuona vile unafanya. Mimi nilileta hii kitu juu ya kuvuma tu. Kuvuma iliisha, hiyo nashukuru. Lakini sauti si ulipandisha mpaka litungu ikaanza kukwaruza, bana."

"Ilikuwa imeshuka, Mwalimu."

"Nani alisema?"

"Sikio."

"Sawa. Nieleze basi. Mimi ni mtu wa hesabu. Valvu inashukaje?"

Nanyama alikasirika kidogo, maana aliona anapimwa. Lakini alikuwa anaondoka kesho, na haikuwa vibaya mtu mmoja abaki anajua. Akamwonyesha ile valvu ndogo ya mbele, ambayo bado ilikuwa nzima.

"Hii ni chupa. Hewa imenyonywa yote. Ndani kuna kibomba, kinaitwa kathodi, kinapashwa moto. Kikipata moto, elektroni zinaruka zinatoka. Ng'ambo kuna pleti ya chuma yenye volti nyingi, inazivuta. Zikivuka, hiyo ndiyo karenti. Katikati kuna waya mwembamba umezungushwa, gridi. Hiyo ni lango."

"La kufungua na kufunga."

"La kubana na kulegeza. Umeenda mnada wa ng'ombe?"

"Mara nyingi."

"Asubuhi, watu wanapita langoni mmoja mmoja. Ukisukuma mlango inchi moja, umezuia nani? Pengine hakuna. Saa sita umati umejaa. Sukuma hiyo inchi moja, utasikia matusi, umezuia watu kumi. Inchi ni ile ile. Umati ndio umebadilika."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa polepole. "Kwa hivyo karenti ikiwa nyingi, gridi ikitikisika kidogo, inatikisa karenti zaidi."

"Hapo umepata. Litungu yako haina nguvu. Inatikisa gridi tu. Sasa shika hesabu. Kwa hii ndogo, gridi ikitikisika volti moja, karenti inabadilika miliampia moja. Yaani sehemu moja ya elfu ya ampia. Hiyo karenti inapita kwa hii rezista, ohmu elfu mia moja. Zidisha."

Mwalimu alizidisha hewani kwa kidole. "Mia moja. Volti mia!"

"Umeingiza moja, umetoa mia. Huo ndio ukuzaji. Wengi wanadhani valvu inazalisha sauti. Wapi! Valvu inatikisa karenti tu. Rezista ndiyo inageuza ule mtikisiko kuwa volti. Kwa hivyo ukitaka kujua valvu ina nguvu, usiulize inakula karenti ngapi tu. Uliza volti moja ya gridi inatikisa karenti ngapi."

"Na ikizeeka?"

"Kathodi inachoka. Elektroni zinapungua, umati langoni unapungua, mtikisiko unapungua, ukuzaji unashuka. Ndiyo maana nikisikia sauti imeshuka, naenda kwa hii skrubu ya nyuma, nalegeza gridi, karenti inapanda." Alisema hivyo kwa fahari, akiwa ameinua bisibisi.

Miaka thelathini ya darasani ilimfundisha Mwalimu kwamba mtoto akielezea vizuri hivyo na jibu likawa si sawa, kosa liko mahali ambapo hajaulizwa. Akauliza, "Nikiongeza karenti mara mbili, ukuzaji unakuwa mara mbili?"

"Hapana. Vitabu vinasema mara moja na robo hivi."

"Robo peke yake? Ati umati umekuwa mara mbili na faida ni robo?"

"Ndivyo valvu zilivyo. Zikiwa nyingi, elektroni nazo zinasukumana."

"Na moto?"

"Moto ni volti mara karenti. Karenti mara mbili, moto mara mbili. Hapo hakuna punguzo."

Mwalimu alitoa kalamu mfukoni, akachukua gazeti lililofungia rezista. "Hizi mbili kubwa za nyuma. Kila moja inatakiwa karenti ngapi?"

"Miliampia thelathini na sita."

"Volti?"

"Mia tatu."

"Wati kumi na nukta nane. Inavumilia ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Sawa kabisa. Na wewe ulikuwa umeweka ngapi?"

Nanyama alitazama mkebe. "Sitini."

"Wati kumi na nane," alisema Mwalimu, akaandika, akapiga mstari chini yake mara mbili. Alama nyekundu tu ndiyo ilikosekana. "Na sauti uliyopata juu ya huo moto wote?"

Nanyama alipiga hesabu kichwani. "Chini ya moja ya tano."

"Mtu anaweza kusikia hiyo?"

"Kidogo sana."

"Ndio nauliza, Mama Sandra, kwa heshima. Mtu anaunguza valvu kwa kitu ambacho hata hakisikiki. Ulipandisha mpaka sitini kwa nini?"

"Kwa sababu kila nikipandisha sikusikia imepanda."

Alipolisema hilo, yeye mwenyewe halikumpendeza. Akageuka akafungua mkebe. Alizitoa valvu kwenye soksi, akazipangusa, akazisukuma kwenye nafasi zake kwa mikono miwili kama mtu anayelaza mtoto. Akawasha. Akangoja dakika tano zipate moto. Akaweka mita, akageuza skrubu nywele kwa nywele mpaka ikasoma thelathini na sita, moja, halafu ya pili. Pleti zilibaki nyeusi, kama inavyotakiwa. Ilikuwa inakaribia saa saba. Akaunganisha redio, akaweka voliumu kwenye nne, akainama akaweka sikio kwenye spika.

Marehemu alinong'ona.

"Unaona?" alisema. "Mpya kabisa na tayari zimechoka. Miaka ishirini kwenye mkebe, si ajabu." Akachukua bisibisi.

"Ngoja," alisema Mwalimu. Alikuwa anatazama nje. "Huyo mama wa nguo amesimamisha cherehani."

Kweli, Edinah alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa begani, ameinamisha kichwa, anasikiliza mtu wa Kimilili aliyeacha wake wawili na watoto kumi na mmoja. Aliposikia jina la kijiji alisema pole, akarudi ndani.

"Edinah ana masikio ya paka," alisema Nanyama.

"Pima basi. Si kuna njia ya kupima ukuzaji?"

Ipo. Nanyama alitoa kisanduku kinachotoa mlio mmoja wa kupimia, akakiunganisha mahali pa litungu, akaweka volti ndogo ile ile anayoitumia siku zote, akapima upande wa spika. Volti nne. Akafungua daftari la kazi za zamani, maana hii amplifaya alishaitengeneza mara nyingi tangu enzi za kilabu. Ukurasa wa kwanza wa hiyo amplifaya, karenti thelathini na sita, voliumu kwenye nne, spika volti nne. Mwandiko wake mwenyewe.

"Hii mita imekufa," alisema.

Akaleta ya pili. Nne. Akaenda kwa Edinah kuchukua ya tatu aliyoiacha huko wakipima pasi. Nne kasoro kidogo, nayo ilikuwa ya bei rahisi.

Mwalimu hakucheka. Alikaa mbele kidogo kwenye stuli. "Tuseme pamoja. Litungu ni ile ile?"

"Ndiyo."

"Karenti ni ile ile. Ukuzaji ni ule ule, mita tatu zimesema. Spika?"

"Ile ile."

"Baada ya spika kuna nini?"

"Hewa."

"Na baada ya hewa?"

Nanyama aliiweka mita chini. Msomaji wa vifo aliendelea na kazi yake.

"Zima redio," alisema Mwalimu, na safari hii aliongea kwa mkono pia. "Geuka utazame ukuta. Nitaongea sauti ya kawaida, si ya darasani. Unijibu."

Nanyama aliona ni utoto, lakini akageuka. Ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la mbegu. Aliitazama. Alisoma miezi yote. Akasoma maneno ya chini kuhusu mahindi yanayostahimili magugu. Mwishowe akachoka, akasema, "Anza basi, Mwalimu, watu wana kazi."

Mkono ulimgusa begani. Aligeuka. Mwalimu alikuwa amesimama karibu kabisa, na uso wake haukuwa wa kupima mtu tena.

"Nimemaliza," alisema kwa ile sauti ya darasani. "Nilikuuliza mara tatu kama uko tayari. Ukanyamaza. Nikasoma rejista ya darasa la saba nililofundisha mwisho. Wanafunzi arobaini na wawili."

"Wote?"

"Pamoja na waliohama."

Nanyama alikaa juu ya meza, kitu ambacho huwakataza wateja. Alitazama rafu. Kulikuwa na amplifaya kumi na moja za makanisa zinazowangoja wenyewe, zote amezipandisha, zote simba. Miaka miwili amewapigia watu kelele akidhani anawatengenezea. Aliona aibu, aibu kali ya mtu mzima, inayoanzia masikioni kwenyewe. Alitaka kusema kitu kuhusu hizo amplifaya, kwamba atazirudisha zote kwenye vipimo, moja baada ya nyingine, kwa mita.

Lakini kilichomjia kichwani hakikuwa amplifaya. Kilikuwa ng'ombe. Kipngetich huongea akikamua. Ndiyo tabia yake tangu wameoana. Huegemeza kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe, mgongo kwa watu, na husimulia mambo ya siku nzima kwa ile sauti yake ya chini, na maziwa yanapiga ndoo.

"Mwalimu," alisema, "chukua kitu yako. Usiguse skrubu ya nyuma. Mtu akikuambia haisikiki, mwambie asogee karibu."

Mwalimu aliweka waya wa litungu, akapiga kidogo pale pale dukani. Kwa Nanyama ilikuwa kama inatoka nyumba ya tatu. Alimtazama Mwalimu usoni, kisha akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mteja yeyote tangu afungue duka.

"Iko aje?"

"Iko vile ilikuwa," alisema Mwalimu, na macho yake yalikuwa na maji. "Iko vile ilikuwa kabisa."

Nanyama alifunga duka saa tisa. Edinah alidhani kuna mgonjwa. Alipofika Saboti jua lilikuwa bado juu ya mahindi, na sanduku lake lilikuwa pale pale sebuleni. Kipngetich alikuwa zizini tayari, amekaa kwenye kigogo, mgongo kwa njia. Nanyama alisimama nyuma yake, pale pale alipozoea kusimama, akasikiliza kwa nguvu zake zote. Kimya. Ng'ombe alitafuna bila hata sauti ya kutafuna. Hilo nalo hakuwahi kuligundua, kwamba ng'ombe naye ameacha kuongea naye.

Basi akazunguka. Akapita nyuma ya mkia, akaja upande wa pili, akachuchumaa, akatazama chini ya tumbo la ng'ombe mpaka akauona uso wa mumewe.

Midomo yake ilikuwa inacheza.

Alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea bila wasiwasi, bila haraka, kama mtu aliyeongea jana na juzi na anayejua ataongea kesho, akiusimulia ubavu wa ng'ombe mambo ya siku huku mikono inakamua. Miaka miwili. Miaka miwili huyu mtu amekuwa akimsimulia siku yake, na kila jioni mke anasimama nyuma yake, hajibu, halafu anaondoka kwa hasira.

Alirudi upande wa mumewe, akapiga magoti kwenye samadi na nguo zake za mjini, akaweka sikio karibu na mdomo wake, kama alivyoweka kwenye spika zote za Kitale. Kipngetich alishtuka, akanyamaza.

"Endelea," alisema Nanyama. "Sisikii, Baba Sandra. Si hasira. Masikio ndiyo yameisha. Nimejua leo."

Kipngetich aliachia chuchu za ng'ombe. Mambo mengi yalipita usoni pake, na la mwisho lilikuwa la mtu aliyetuliwa gunia. "Ukweli?" aliuliza, na hilo Nanyama alilisoma mdomoni mwake.

"Ukweli. Sasa niambie kwa nguvu. Jumatatu nilipokuambia naenda. Ulisema nini?"

Kipngetich alivuta pumzi. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kupaza sauti maishani, hata kwa mbwa, na ilionekana anatafuta mahali pa kuishika.

"Nilisema usiende!" alipiga kelele. Ng'ombe akarudi nyuma hatua mbili.

"Mara moja tu?"

"Jumatatu! Na Jumanne! Na jana! Na leo asubuhi ukivaa viatu! Nilisema tafadhali! Ukaenda bila kuniangalia, nikafikiri basi, mama ameamua!"

Nanyama alilia, na hakujua analia kwa sauti gani, wala hakujali. Jirani alitokea kwenye ua, akaona watu wawili wazima wameinamiana kwenye samadi, akarudi ndani.

"Siendi," alisema Nanyama.

Kipngetich, ambaye kwa miaka miwili hakuwa amejibiwa, alishtuka akapiga ndoo teke, na maziwa yote ya jioni yakamwagika.